Moto Ulipowekwa Ndipo Palipouma

Tangu nistaafu, haipiti wiki bila mwanafunzi wa udaktari kubisha mlango wangu hapa Iftin, mtaa wa Garissa, akitaka madaftari yangu. "Eddo, tupe tu tupige picha, tunakurudishia hapo hapo." Eddo ni shangazi kwa Kisomali, na kijana wa siku hizi akikuita shangazi ujue mtihani umekaribia. Nawaambia sina daftari. Nililokuwa nalo lililowa mto ulipopanda ukaingia stoo ya chuo, nami sikulilia hata ukurasa mmoja. Hawaamini. Wanakunywa chai yangu, wanamaliza mahamri yangu, kisha wanaondoka wakinong'ona kwamba yule mama ana choyo cha elimu.

Haya basi. Choyo chenyewe hiki hapa, nakimwaga chote, someni mtosheke. Mkiona nafoka, vumilieni. Nimefoka kazini miaka yote, na kustaafu hakukuniponya.

Mimi ni Zuhura, mzaliwa wa Witu. Nilisomea kazi ya klinikal ofisa, ambaye watu wa huku humwita daktari bila kuuliza cheti, nikaletwa Garissa ningali msichana, nikaolewa na mtu wa hapa, nikabaki. Nusu ya kwanza ya kazi nilitibu wagonjwa, nusu ya pili nikafundisha wengine kutibu, na ni hiyo nusu ya pili iliyonipa presha. Vyeo sitavisimulia. Nilipanda mpaka nikapewa kiti cha ofisini cha kuzunguka, gurudumu moja likatoka, nikakalia upande hadi siku ya kuaga. Ninachotaka kuwasimulia ni habari ya mtoto aitwaye Liban, ambaye nusura tumzike kwa sababu kijana aliyekuwa wa kwanza darasani alimtazama asimwone. Lakini hamtaelewa hasira yangu kabla hamjajua mimi mwenyewe nilifundishwaje kutazama.

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na stethoskopu mpya shingoni, nimeivaa kama mkufu wa arusi. Aliyenipokea alikuwa klinikal ofisa mkuu, Mzee Gedi, mtu mrefu, mkavu, ndevu zimekolea hina, maneno yake ya kupimwa kwa kijiko. Akanyoosha mkono. Nikashangaa, maana wazee wa hapa hawampi mwanamke mkono. Kumbe alitaka stethoskopu. Akaichukua, akaifungia kwenye droo, akasema, "Utarudishiwa ukishajua kutumia macho." Jamani! Stethoskopu ambayo mama yangu aliuza nazi akaninunulia! Nilienda kulia chooni, nikarudi uso umevimba, naye akajifanya hakuona.

Akanisimamisha mlangoni mwa chumba cha wagonjwa wa nje. Kazi yangu ikawa kumwambia, kabla mgonjwa hajakaa, nadhani anaumwa wapi. Nani ameshika ubavu. Nani anapumulia mdomo. Nani amekuja kwa miguu yake na nani ameburutwa na shemeji. Nikikosea hanikemei, anatoa tu sauti puani, "Hm," na hiyo "hm" iliniuma kuliko tusi. Siku nyingine nilipatia mara nyingi mfululizo, nikamgeukia nikitarajia sifa. Akasema, "Mlango unafungwa saa ngapi?" Ndiyo sifa aliyonipa.

Jambo la pili alilonifundisha ni salamu. Hapa mtu haanzi na ugonjwa. Unamuuliza amani, unamuuliza watu wa nyumbani, unamuuliza mifugo na mvua, naye kila swali analijibu "alhamdulillah", hata kama mguu umevimba kwa nyoka. Mimi, mgeni wa watu, nilimuuliza mzee mmoja hali yake, akajibu alhamdulillah, nikaandika kwamba mgonjwa hana malalamiko. Mzee Gedi akasoma, akavua miwani. "Hana malalamiko? Amepanda gari la mbuzi kutoka upande wa Modogashe, jua lote hili, aje kukusalimia wewe?" Tulipomrudia yule mzee na kumuuliza tena taratibu, tukakuta hajakojoa tangu juzi. Kibofu kilikuwa kimejaa kama kibuyu, naye bado anamshukuru Mungu. Tangu hapo nikashika msemo wa Mzee Gedi: jibu la kwanza ni la Mungu, la pili ni la adabu, la tatu ndilo la daktari. Ninyi mnaondoka na la kwanza, kisha mnaniambia mgonjwa alificha.

Jambo la tatu alilonifundisha ndilo lililonileta kwenye habari hii. Mara ya kwanza nilipomvua shati mfugaji na kuona duara za moto zimepangwa chini ya mbavu zake za kulia, nilikunja uso. Mzee Gedi alinivuta kando. "Uso wako naye anausoma," akasema. Kisha akanieleza. Watu walio mbali na hospitali, ugonjwa ukikaidi, humwita mtu ajuaye kazi hiyo, akapasha chuma au kijiti moto, akakigusisha pale penye maradhi. Ukiona duara juu ya ini, uliza macho yaligeuka manjano lini. Ukiziona tumboni kwa mtoto, uliza kuhara. Mzee Gedi, ambaye ni mtu wa huku huku na ambaye mwenyewe hakuupenda moto hata kidogo, alisema, "Sijaona ukiponya mtu. Lakini ulipowekwa ndipo palipouma. Gusa hapo kwanza, hasira weka baadaye."

Msije mkanisingizia. Moto siutetei. Nimesafisha vidonda vyake vilivyooza, nimeona vitoto vichanga vimechomwa kwa homa ambayo dawa ya maji ingeimaliza, na nimegombana na wazee wenye vyuma mpaka mume wangu akaombwa anizuie. Ninachosema ni kwamba mtu aliyekuja kwako amekuja na habari ngozini, nawe unafunga macho kwa sababu habari yenyewe inakuchukiza. Huko si kuwa msomi.

Basi nikaja kuwa mwalimu. Subhanallah! Nimefundisha vijana wenye akili za kukata, wanaotaja sababu za macho kugeuka manjano kwa mpangilio wa alfabeti, lakini mbele ya mgonjwa wanatazama ukutani. Yupo aliyebisha kifua cha mzee kwa vidole juu ya koti, sweta na shati, akaniambia amesikia maji. Umesikia sweta, baba! Yupo aliyemminya mama tumbo kwa mikono iliyotoka kwenye maji ya barafu, mama akaruka, naye akaandika kwamba tumbo ni gumu. Hata lako lingekuwa gumu. Na hizo simu! Mgonjwa anasema "naumwa kichwa", kabla hajafika kwenye "na", mtu ameshainama anatafuta kichwa kwenye simu. Kichwa kiko mbele yako, kimefungwa kitambaa, kinakusubiri.

Mnaniuliza kusoma kunafanywaje. Kunafanywa kinyume na mnavyofanya. Msianze na ugonjwa kisha mkamtafuta mwenye kufanana nao. Mwone mtu mmoja vizuri, umjue, halafu ukirudi bwenini fungua kitabu umtafute yeye ndani yake. Orodha utaisahau mtihani ukiisha, lakini yule mama mwenye soksi moja aliyevimba uso asubuhi hutamsahau, na figo zake utakwenda nazo kaburini. Na mkikaa kundi kusoma, acheni kuulizana fasili. Mmoja awe mgonjwa, na adanganye. Aseme hajanywa dawa ya mtu yeyote, aseme ni siku chache tu, aseme alhamdulillah. Wengine wamtoe ukweli bila kumtia aibu. Mkishindwa kumfungua rafiki yenu anayecheka, mtamfungua vipi bibi wa Balambala ambaye hata hajui kwa nini mnamuuliza choo?

Sasa, Abdirahman. Huyu alikuwa wa kwanza darasani, na alijua hivyo. Wazazi wake ni watu wa malishoni huku Garissa waliohamia Nairobi akiwa mdogo, akakulia huko, akarudi kwetu kusoma. Koti lake jeupe lilipigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Kisomali chake kilikuwa cha kuombea chai. Nilimpenda, siwezi kudanganya, na kwa sababu nilimpenda alinichosha kuliko wote. Tulikuwa tumewapeleka wanafunzi kwenye kituo kimoja cha afya mjini, jina nalihifadhi, kila mmoja na chumba chake, mimi nazunguka.

Asubuhi hiyo nilikuwa chumba cha pili nikamsikia amepandisha sauti. Nilipotoka, mlango wake ulikuwa wazi na kiti cha mgonjwa kitupu. Yeye amesimama, uso umemwiva.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Ametoroka, Madam. Huyo mathe amechoma mtoto wake, hata bado ananyonya. Kifuani, huku na huku, vidonda bado vibichi. Nilimshow hiyo ni kesi, tutaita polisi na watu wa ofisi ya watoto. Akamfunika akaenda."

"Mtoto alikuwa na nini?"

"Si nimesema? Ameungua."

"Mama yake alisema amemleta kwa nini?"

Akapepesa macho. "Sikumuuliza."

"Alikuwa anapumua vipi?"

"Haraka haraka. Lakini ni ule uchungu, Madam."

"Alilia ulipomvua nguo?"

"Hapana, huyo mtoto ametulia sana."

Ametulia! Mtoto bado ananyonya, ana vidonda vibichi mbavuni, amevuliwa na mtu asiyemjua, na halii. "Ewe Abdirahman," nikamwambia, "mtu hamleti mtoto hospitali kwa sababu ya moto alioridhia mwenyewe. Huyo mtoto hakuletwa kwa moto. Aliwekewa moto kwa kile kilichomleta. Pande zote mbili za kifua, mwanangu, wangekuandikia kwa rangi nyekundu?" Nikamwambia aache lile koti kitini, anifuate.

Muuguzi wa mapokezi alimkumbuka. Mama anaitwa Ubah, mtoto Liban, wametoka malishoni, wamefikia mtaa wa Waberi kwa jamaa yao Mama Sofia, muuza maziwa ya ngamia. Tukapanda tuk-tuk. Njiani Abdirahman akatoa simu aanze kutafuta sheria inasema nini. Nikamwambia airudishe mfukoni kabla sijaifanya ya mamba wa mtoni.

Waberi nzima ilikuwa imepoteza kumbukumbu. Wanawake wa maziwa, wanaojua nani amezaa, nani ameposwa na nani amerudisha mahari, siku hiyo hawakumjua Ubah. Ubah gani? Ubah wako wengi. Mama Sofia? Labda amesafiri. Nilijua kilichotokea: habari ilikuwa imetutangulia kwamba hospitali inakuja na askari kuchukua watoto. Hata mimi, niliyewazalisha nusu yao, nilitazamwa kama mtoza ushuru. Mwishowe niliacha kuuliza nikafuata madumu ya maziwa yaliyoanikwa juu ya ua, nikapiga hodi.

Mama Sofia alitoka akajaza mlango. Salamu alizijibu kwa ncha ya ulimi.

"Hapa hakuna mtoto gonjwa," akasema. "Nyinyi naleta bolisi kwa nyumba ya watu? Mimi na wewe tumekaa jirani Iftin, leo nafanyia mimi hivi?"

"Wallahi sikuja na polisi. Nimekuja na huyu tu, na huyu hata panya hamkamati."

Hakucheka. Na nyuma yake, kutoka ndani ya pazia, nikasikia. Mgumio mfupi, kama mtu anayebeba gunia, tena na tena, kila pumzi ikitoka. Ninyi mliofika kwenye somo la kifua mnajua ule ni mlio gani. Mtoto akiguma vile, anafanya kazi ya kubaki hai, na hawezi kuifanya kwa muda mrefu. Uani palikuwa na jiko la makaa, na ndani ya makaa palikuwa na chuma. Kilikuwa kimeanza kuwa chekundu. Walikuwa wanamsubiri mzee wa kumchoma tena.

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kuingia nimpokonye. Lakini nyumba ya mtu haivamiwi, na ningevamia, wangempitisha ukuta wa nyuma, na Liban angekwisha njiani. Nikakaa chini palepale kizingitini, kwenye vumbi, na magoti yangu haya. Nikaita ndani kwa Kisomali changu cha miaka, "Ubah, walaal, ndugu yangu, mtoto anachoka. Nimemsikia. Tumpeleke."

Pazia likasogea. Alikuwa msichana tu, macho mekundu, Liban begani amefungwa shuka, kichwa kinanesa kila akivuta hewa. Puani kumetanuka. Alizungumza nami, lakini macho yake yalikuwa kwa Abdirahman aliyesimama nyuma yangu.

"Eddo, wewe sina neno nawe. Huyu alisema nitafungwa na mtoto atachukuliwa. Ananyonya. Wakinifunga, nani atamnyonyesha? Wakati wa moto nilimshika mikono mimi, na nililia kuliko yeye. Kuliko afe mikononi mwa watu wasionijua, afe kwangu."

"Hakuna atakayekufunga," nikasema.

"Aseme yeye aliyesema."

Nikamgeukia Abdirahman. Sema, mtoto wa watu! Akakohoa, akaanza, "Kwa kweli, mama, ukiangalia haki za mtoto..." Nikamkanyaga mguu. Nilimkanyaga kwa uzito wangu wote, na sijutii. Aliacha sentensi yake, akamtazama Liban anavyonesa, kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia hata chembe. Alichomoa shati lake kwenye suruali, akalipandisha hadi mbavuni.

"Astaghfirullah!" Mama Sofia akageuza uso.

Tumbo zima lilikuwa na duara. Za zamani, zimeng'aa, zimetanuka alivyokuwa akikua, mstari kutoka kitovuni hadi chini ya kifua.

"Na mimi," akasema kwa kile Kisomali chake kibovu.

Ubah alisogea karibu. Alizitazama moja moja.

"Nani alikushika mikono?"

"Hooyo." Mama.

"Walimfunga?"

"Hapana."

"Unamchukia?"

"Sijui," akasema yule kijana mwenye majibu ya kila swali. "Sijawahi kumuuliza kwa nini. Nilikuwa naona haya hata kuogelea na wenzangu. Leo nilipoziona kwa mtoto, nilichemka. Nisamehe, walaal. Sikukuona wewe. Niliona hizi zangu."

"Kamuulize mama yako," Ubah akasema. "Lakini kwanza mtazame huyu."

Akafungua shuka, akampa Abdirahman mtoto. Mimi mwenye mvi zangu, niliyekaa vumbini, hakunipa. Alimpa yeye.

Na hapa ndipo ninapotaka msome polepole. Abdirahman alikaa chini. Alisugua viganja mpaka vikapata joto. Hakushika simu wala stethoskopu. Alifunua kifua cha mtoto chote, akanyamaza akakitazama kikipanda na kushuka, akaona nyama zinavyovutwa ndani chini ya mbavu. Kisha akaweka sikio lake, tupu, karibu kabisa na vile vidonda, upande mmoja, halafu upande wa pili. Alifanya yale ambayo nilimfokea mwaka mzima ayafanye. Aliponyanyua kichwa hakuniita Madam.

"Eddo, ni kifua. Ni nimonia, na amechoka. Twende sasa hivi."

Mama Sofia ndiye aliyetupigia kelele tuharakishe, kana kwamba ni sisi tuliomchelewesha. Tukaenda. Hospitalini nilimpa Abdirahman kila kitu afanye mwenyewe mbele yangu: oksijeni puani, sindano za dawa, mshipa aliotafuta kwenye mkono usio na nyama. Kile kidude cha kubana kidole, kinachopima hewa iliyo kwenye damu, kilitupa namba mbaya ambayo sitaki kuikumbuka. Ubah alikaa ukingoni mwa kitanda, mkono juu ya mguu wa mtoto. Liban alikuwa macho, anatutazama, kimya. Siku hiyo hakulia, na iliyofuata hakulia. Sindano zinaingia, anafumba tu macho. Madaktari wawili walimpita wakatikisa kichwa kwa namna ambayo mama yeyote anaielewa. Abdirahman aliacha kwenda kula, nikalazimika kumfokea pia kwa hilo.

Mama Sofia alikuja kila siku na maziwa. Siku namba za kidole zilipoanza kupanda, aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba ni ule moto wa kwanza ndio umefanya kazi, sindano zimesaidia tu. Nilitaka kupasuka. Nikameza. Nikamwambia tutalizungumza mtoto akitoka, na tulilizungumza, kwa muda mrefu na kwa sauti kubwa, na hadi leo hatujakubaliana, isipokuwa ameahidi kwamba kifua atakileta kwetu kwanza. Ubah hakuahidi chochote. Aliniuliza tu, kutoka malishoni hadi gari lililo karibu ni mwendo gani akiwa amebeba mtoto, na mimi nimjibu. Sikuwa na jibu, na nyinyi mtakaopelekwa huko mkatafute moja kabla ya kufungua midomo.

Asubuhi moja nilipita wodini nikamkuta Abdirahman anatayarisha sindano ya Liban. Ubah alikuwa anamtazama usoni.

"Ulimuuliza?"

"Nilimpigia jana."

"Akasemaje?"

Akapangusa ngozi ya mtoto kwa pamba, taratibu kuliko ilivyohitajika. "Alisema nilikuwa naharisha, gari halipiti, mvua imekata njia. Nikamuuliza sasa kwa nini moto. Alisema..." Akaweka pamba chini. "Alisema nilikuwa nimeacha kulia. Alitaka tu nilie."

Abdirahman akainama, akaingiza sindano, na Liban akakunja uso, akavuta hewa mpaka tumbo likajaa, akapasua yowe lililowaamsha wagonjwa wa mwisho wa wodi. Abdirahman akashtuka, akaacha kila kitu akaanza kumbembeleza, "Pole, pole baba, basi, imekwisha, basi," huku akitaka kumziba kwa bega.

Ubah akamshika mkono, akauondoa.

"Mwache," akasema. "Mwache alie."